Panda Taratibu: Njia ya Milimani kutoka Rubavu hadi Virunga na Gishwati

Wageni wengi wanaofika Rubavu, mji ambao wenyeji bado wanauita Gisenyi, huja kwa ajili ya ziwa. Wanaoga Kivu, wanakula sambaza za kukaanga, wanatazama jua likizama upande wa Kongo, kisha wanapanda basi la Kigali na kusinzia kabla ya kufika Mahoko. Ni hasara kubwa. Barabara hiyo wanayoipita wamelala ni mojawapo ya njia nzuri zaidi za milimani katika Afrika Mashariki, na imepakana na hifadhi mbili za taifa: ya Volkano upande wa kaskazini, na ya Gishwati-Mukura upande wa kusini. Mwongozo huu ni wako wewe unayetaka kuipita macho wazi, kwa gari lako, kwa gari la kukodi au hata kwa basi, na kuelewa kile unachokiona.

Kwanza tuelewane kuhusu aina ya safari yenyewe. Aliyezoea Mikumi, ambako lami ya kwenda Iringa inakata hifadhi katikati na twiga wanaonekana dirishani, asitegemee hivyo hapa. Hifadhi ya Volkano haina barabara za kuzungukia wanyama. Gari linapita miguuni mwa milima, katikati ya mashamba na vijiji. Ukitaka kuingia msituni unashuka, unatembea, na unaongozwa. Msitu wa hifadhi unaokatwa na lami nchini Rwanda ni Nyungwe, kusini kabisa, kwenye barabara ya Huye kwenda Rusizi. Mwenye siku nyingi anaweza kuufikia kutoka Rubavu kwa kufuata barabara ya kandokando ya Kivu kupitia Karongi. Mimi nakuomba ubaki kwanza huku kaskazini. Hapa kuna hadithi ya msitu, maji na watu ambayo unaweza kuisoma kupitia kioo cha gari, mradi uende taratibu.

Kabla ya kuwasha gari

Rwanda wanaendesha upande wa kulia. Mtanzania, Mkenya na Mganda wanalijua hilo kwa kichwa, lakini mikono huchelewa kulikubali, hasa asubuhi na mapema unapotoka kwenye geti la hoteli barabara ikiwa tupu. Hatari kubwa zaidi ni kulipita lori mlimani. Kama usukani wako uko kulia, huoni mbele hadi uwe umeshatoa nusu ya gari. Ushauri wangu ni huu: kati ya Rubavu na Musanze usilipite gari lolote ila pale barabara imenyooka na abiria aliye kiti cha kushoto amekuthibitishia kwamba ni salama. Malori yanayopanda kutoka kiwanda cha bia cha Bralirwa na yale yatokayo mpakani ni mazito, nayo hupanda polepole. Yafuate. Hiyo ndiyo kasi inayofaa kwa kutazama milima.

Kamera za mwendo ziko nyingi na Wanyarwanda wanaziita Sofia. Kikomo hushuka kila unapoingia kwenye makazi, na makazi ni mengi. Faini inatumwa kwenye namba ya gari, kwa hiyo ukikodi gari, uliza mapema nani atalipa na mtahesabianaje. Ukija na gari lako kutoka nchi jirani, hakikisha una bima ya kadi ya njano ya COMESA. Wakenya na Waganda huruhusiwa kuingia kwa kitambulisho cha taifa. Wengine waje na pasipoti. Saa ya Rwanda iko nyuma kwa saa moja ukilinganisha na Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na aliyesahau kurekebisha simu yake ataamka bure usiku wa manane. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 2008, kwa hiyo funga nguo na vyakula vyako kwenye vitu vingine kabla ya kufika mpakani.

Miezi ya kiangazi ni Juni hadi Agosti, na kuna kiangazi kifupi Januari na Februari. Mvua kubwa ni za Machi hadi Mei, na huku magharibi hazina mchezo: udongo wa mteremko hulegea, miti huanguka, na barabara hufungwa kwa saa kadhaa au zaidi. Mwishoni mwa Februari, wakati wa mashindano ya baiskeli ya Tour du Rwanda, hatua inayoishia Rubavu huzuia magari kwa muda mrefu. Kama wewe ni mpenzi wa baiskeli, hiyo ndiyo siku ya kuwepo kando ya barabara, kwa maana kijiji kizima hutoka. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni ya umuganda, kazi ya pamoja ya usafi na ujenzi. Maduka hufungwa na barabara hunyamaza mpaka karibu saa tano asubuhi. Ukikuta watu wanazibua mfereji, si vibaya kushika jembe.

Juma linaloanza Aprili 7 ni la kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Muziki hunyamazishwa na sherehe husimama. Njia hii imepita kwenye maeneo yaliyoumia sana, Nyundo na Bigogwe yakiwemo, na huko Bigogwe mauaji yalikuwa yameanza tangu 1991. Ukiona eneo la kumbukumbu lililozungushiwa uzio na maua, punguza sauti ya redio. Hakuna atakayekuomba ufanye hivyo. Ni heshima tu.

Kuhusu mpaka wa Goma, ambao uko mwisho wa mtaa tu: mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji ule, makombora yaliangukia hata upande wa Rubavu na watu wakafa. Hali hubadilika. Uliza hotelini siku hiyohiyo, usiegemee habari za mwezi uliopita, na usipige picha askari, vizuizi wala jengo la forodha.

Kuondoka ziwani

Toka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mara mwanga unapokamilika. Sababu ni mawingu. Kilele cha Karisimbi, mita 4,507, huonekana vizuri asubuhi na mapema, na mara nyingi kufikia saa nne kimeshajifunika. Anayetoka baada ya chai ya saa tatu atasimuliwa habari za milima na wengine.

Ziwa liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na wewe utapanda mpaka zaidi ya mita 2,300 kabla ya kufika Mukamira. Vaa sweta tangu mwanzo. Abiria wanaopenda kutazama wakae madirisha ya kushoto wakati wa kwenda Musanze. Volkano zote ziko upande huo. Hata wenye kupanda basi wanaweza kuliomba hili wanapokata tiketi, na makarani wa Virunga Express wamezoea kuulizwa.

Ukitazama nyuma kushoto, mlima wenye kichwa kilichokatwa ni Nyiragongo, mita 3,470, ulioko ndani ya Hifadhi ya Virunga upande wa Kongo. Ulilipuka Januari 1977, Januari 2002, na tena Mei 22, 2021. Usiku ule wa 2021 maelfu ya watu wa Goma walivuka kuingia Rubavu wakiwa na magodoro kichwani, na mitetemeko iliyofuata ikapasua nyumba na barabara za mji huu pia. Mlima ule ungali hai. Usiku wenye anga safi, wekundu wake huweza kuonekana kutoka ufukweni.

Kilomita chache za mwanzo ni tambarare. Halafu barabara inauona mto Sebeya na kuanza kuandamana nao, na hapa nakuomba uanze kuwa makini, kwa kuwa mto huu ndio utakaokueleza safari yako yote. Unapita Pfunda, kwenye mashamba ya chai yaliyolala bondeni kama zulia, na kiwanda chake. Hapo ndipo njia ya Rutsiro na Karongi inapoachana na ya Kigali. Iweke akilini, tutairudia. Juu ya kilima kuna Nyundo na kanisa kuu lake. Aloys Bigirumwami alisimikwa kuwa askofu wa huko 1952, Mwafrika mweusi wa kwanza kushika cheo hicho katika makoloni ya Ubelgiji.

Mbele kidogo ni Mahoko, mji wa soko. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mvua ilinyesha mfululizo na Sebeya ikatoka kwenye kingo zake. Nchini kote, zaidi ya watu 130 walikufa kwa mafuriko na maporomoko ya usiku huo, na Rubavu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizopigwa vibaya kuliko zote. Nyumba za matofali ya udongo ziliyeyuka watu wakiwa wamelala. Ukipita leo utaona mawe yaliyopangwa kandokando ya mto, matuta mapya vilimani na miti michanga ya mianzi kwenye kingo. Hizo kazi zote zina maana, lakini swali linabaki: maji mengi kiasi kile yalitoka wapi kwa kasi vile? Jibu liko juu, na barabara inaelekea hukohuko.

Kupanda Bigogwe

Baada ya Mahoko mlima unaanza kwa kweli. Kona zinafuatana, mabonde yanazama kulia, na ukungu unaweza kukukuta ghafla. Washa taa. Ukishuka siku ya kurudi, tumia gia ndogo ili injini ikushikie gari. Ukikanyaga breki muda wote zitapata moto na kulegea kabla hujafika chini. Wasafiri wasiozoea milima hili huwashangaza, madereva wa malori hapa hawajadili.

Angalia sana waendesha baiskeli. Wanapopanda, baadhi yao hushika nyuma ya malori wavutwe. Wanaposhuka, wamebeba magunia ya viazi au madumu ya maziwa na mwendo wao unaweza kuzidi wa gari. Breki zao si za kuaminika. Wape nafasi kubwa kwenye kona, na usipige honi ghafla nyuma yao. Wengi ni vijana wanaosomesha wadogo zao kwa kazi hiyo, na ni wenye nguvu kwelikweli. Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, waliokulia kwenye milima kama hii hawakushangazwa na ukali wa njia.

Ukifika Bigogwe, hewa imebadilika. Ni nchi ya ng'ombe, nyasi fupi, uzio wa miti na baridi inayoingia mifupani. Mwamba unaochomoza kama titi, Ibere rya Bigogwe, uko karibu na barabara, na wenyeji wameanzisha utalii wao wenyewe kuuzunguka: unafundishwa kukamua, unapewa maziwa, unapanda kilima. Naupendekeza kwa moyo wote. Pesa inabaki palepale kijijini, na unapata saa nzima ya kuongea na watu badala ya kuwatazama kutoka garini. Kiswahili kitakusaidia sana upande huu wa nchi, kwa sababu biashara na Goma imekifanya kuwa lugha ya sokoni tangu zamani, na tangu 2017 ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda. Hata hivyo, anza na salamu yao. Asubuhi unasema mwaramutse, mchana na jioni mwiriwe, na shukrani ni murakoze. Kwa mzee, simama na umpe mkono, mkono wa kushoto ukigusa ule wa kulia. Maongezi yatafunguka yenyewe.

Usipige picha kambi za jeshi zilizoko Bigogwe na Mukamira. Zinaonekana kutoka barabarani na hakuna haja ya maelezo zaidi.

Kunywa maziwa hapa. Vibanda vya maziwa viko kila kituo, na kikombe cha ikivuguto, yaani maziwa mgando, pamoja na chapati au andazi kinatosha mpaka mchana. Jibini inayoitwa ya Gishwati huuzwa ikiwa duara zima, na inasafiri vizuri hata siku kadhaa ukiifunga kwenye karatasi.

Sasa tazama kushoto. Kama umewahi, utaiona milima yote kwa safu: Karisimbi yenye bega pana, nyuma yake Mikeno iliyochongoka upande wa Kongo, mita 4,437, halafu Bisoke, na mbali zaidi Sabyinyo yenye meno, Gahinga ndogo na Muhabura iliyojitenga mashariki, mita 4,127. Msitu unaanzia pale mashamba yanapoishia, na mpaka huo umenyooka kana kwamba umechorwa kwa rula. Mstari ule una historia. Hifadhi hii ilianzishwa 1925 kama sehemu ya Hifadhi ya Albert, ya kwanza Afrika. Mwishoni mwa miaka ya 1960, eneo la hekta zipatazo 10,000 lilimegwa ili kulimwa pareto, ua jeupe linalotoa dawa ya kuulia wadudu. Pareto bado inalimwa Musanze na Nyabihu, utaiona. Lakini sehemu kubwa ya ardhi hiyo leo ni viazi. Ardhi ya volkano ni nyeusi, ni laini, inazaa mara mbili kwa mwaka na zaidi. Haikosi watu. Hifadhi ya upande wa Rwanda imebaki kilomita za mraba 160 tu, na kila kilomita ina jirani anayelima mpaka kwenye ukuta wa mawe uliojengwa kuwazuia nyati.

Kati ya Mahoko na Mukamira unavuka mgongo wa nchi. Tone la mvua linaloanguka upande wa magharibi hushuka Sebeya mpaka Kivu, kutoka Kivu kwa mto Rusizi mpaka Tanganyika, halafu Lukuga na Kongo mpaka Atlantiki. Lile la upande wa mashariki linaingia Mukungwa, Nyabarongo, Akagera, Ziwa Viktoria, na mwisho wake ni Misri. Hakuna kibao kikubwa cha kukuonyesha mahali. Jua tu kwamba unakanyaga paa la bara, na kwamba kinachofanywa kwenye kilima hiki kinafika mbali sana.

Mukamira, ondoka kidogo kwenye njia kuu na ufuate lami ya kwenda Kabaya na Ngororero. Mwendo mfupi tu utaliona Ziwa Karago, dogo, la kupendeza, limezungukwa na mashamba. Maji yake yana rangi ya chai ya maziwa kila baada ya mvua. Udongo wa vilima vya Gishwati umekuwa ukishukia humo kwa miaka, na juhudi za kuliokoa ni za kupanda miti na kuweka matuta juu yake. Kaa dakika chache. Kisha rudi barabarani uendelee Musanze. Kutoka Rubavu hadi huko ni kilomita sitini na kidogo, saa moja na nusu usiposimama, na nusu siku ukisimama inavyostahili.

Kuhusu Kinigi

Ukitaka kuwaona gorila au kima wa dhahabu, makao ya hifadhi yako Kinigi, juu ya Musanze, na wageni hukutana pale saa moja asubuhi. Kutoka Rubavu ni mbali mno kwa saa hiyo, lala Musanze. Kibali hukatwa mapema kwa Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB. Mgeni wa kutoka mbali hulipa dola 1,500 kwa gorila tangu 2017, na kuna bei nafuu kwa raia wa Afrika Mashariki, kwa hiyo sema uraia wako unapoweka nafasi. Asilimia 10 ya mapato ya hifadhi hurudi kwa jamii zinazoizunguka, na shule na zahanati nyingi unazoziona kando ya barabara zimetokana na hizo.

Asiye na kibali asikate tamaa. Kituo cha Dian Fossey kilichofunguliwa Kinigi 2022 kina maonyesho mazuri kuhusu kazi ya mtafiti huyo wa gorila iliyoanza Karisoke mwaka 1967, na hakihitaji uwe na kibali cha gorila. Mchana utakula mishikaki ya mbuzi na viazi vya Kinigi, ambavyo sifa zake ni za kweli.

Siku ya pili: Gishwati

Hapa ndipo nilipotaka ufike. Hifadhi ya Volkano inajulikana duniani kote. Gishwati-Mukura ina umri mdogo, wageni wachache, na kwa maoni yangu ndiyo inayomfundisha msafiri mengi zaidi.

Rudi Rubavu, ulale. Asubuhi fuata tena njia ya Kigali mpaka Pfunda, kata kulia kwa barabara ya Karongi, lami safi inayopanda na kushuka juu ya Kivu kuelekea Rutsiro. Uzuri wa njia hii unashindana na wa jana: migomba, chai, visiwa chini kabisa. Ndani ya Rutsiro unaacha lami na kuingia barabara ya udongo inayopanda kuelekea msitu. Gari la chini linaweza kufika wakati wa kiangazi dereva akiwa mwangalifu; wakati wa mvua usijaribu bila gari la magurudumu manne. Unapoweka nafasi, omba uelekezwe kwa simu mahali hasa pa kukutana na mwongoza wageni, kwa maana matawi ya barabara ni mengi na vibao ni vichache. Jaza mafuta Rubavu. Beba chakula, maji na koti la mvua hata kama anga ni jeupe.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, Gishwati ulikuwa msitu mkubwa uliofika karibu na volkano. Ukapunguzwa kwa mashamba. Miaka ya 1980 mradi wa mifugo na upandaji miti uliofadhiliwa na Benki ya Dunia uligeuza sehemu kubwa kuwa malisho na miti ya kigeni. Baada ya 1994, familia za wakimbizi waliorudi nyumbani bila ardhi zilipewa makazi humo, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 msitu wa asili uliobaki ulikuwa hekta 600 hivi. Ng'ombe wazuri na vilima vya kijani uliovipenda jana pale Bigogwe viko juu ya msitu huo. Siwalaumu wafugaji, walihitaji mahali pa kuishi, na maziwa yao ndiyo uliyokunywa. Lakini mzizi ulipoondoka, hakuna kilichobaki cha kushika maji ya mvua. Mto Sebeya unatokea kwenye vilima hivi. Ile mvua ya Mei 2023 ilianzia safari yake huku.

Wapo pia Watwa, waliokuwa wakiishi ndani ya misitu hii kabla ya mtu yeyote kuigawa kwa ramani. Waliondolewa, Gishwati na Virunga vilevile, na wengi hawakupewa ardhi ya kutosha. Ukikutana na wafinyanzi wao sokoni, nunua chungu kwa bei waliyokutajia.

Kazi ya kurudisha msitu ilianza kwa nguvu 2007 na 2008. Miti ya asili ikapandwa na mingine ikaachwa iote yenyewe, walinzi wakaajiriwa kutoka vijijini, na kundi dogo la sokwe mtu lililokuwa limenaswa ndani ya kisiwa hicho cha miti likaanza kuongezeka. Sheria ya kuifanya hifadhi ya taifa ilipitishwa 2015, ikiunganisha Gishwati na msitu wa Mukura ulioko kusini zaidi. Jumla yake ni kilomita za mraba 34 hivi. Mwaka 2020 UNESCO iliitambua kuwa hifadhi ya viumbehai, na mwezi Desemba mwaka huohuo milango ikafunguliwa kwa wageni, shughuli za utalii zikiendeshwa kwa ushirikiano na kampuni ya Wilderness.

Utafanya nini huko? Unaweza kuwafuata sokwe mtu, ukikubali kwamba msitu ni mnene na hakuna ahadi ya kuwaona. Kima wa dhahabu wapo, pamoja na kima wengine kadhaa. Kuna matembezi ya ndege na ya maporomoko ya maji, na kwa nje kuna ziara za mashamba ya chai na za wafugaji. Kama ni mara yako ya kwanza, chagua matembezi marefu ya msituni pamoja na mwongoza wageni aliyezaliwa hapo. Muombe akupeleke pembeni, pale msitu mkongwe unapopakana na ule uliopandwa juzi na malisho yanayofuata. Simama katikati. Upande mmoja ardhi ni sponji, miguu inazama kwenye majani. Upande mwingine ni ngumu na imekatwa mifereji midogo na mvua. Baada ya hapo hutahitaji mtu wa kukueleza mafuriko ya Mahoko.

Vaa suruali ndefu na uingize miguu yake ndani ya soksi kwa ajili ya siafu. Viatu viwe vya kushika utelezi. Ukiwa na mafua au kikohozi, sema ukweli na ubaki; sokwe na gorila huambukizwa maradhi yetu na huweza kufa nayo. Kaa mbali kama utakavyoambiwa, na barakoa uivae bila kukumbushwa. Watoto wa vijijini watakukimbilia wakisalimia. Wasalimie, waulize majina ya vilima, lakini usigawe pesa wala peremende dirishani. Mtoto anayejifunza kukimbilia magari iko siku atakimbilia lori lililokosa breki.

Anza kurudi Rubavu kabla ya saa kumi jioni. Barabara ya udongo ikilowa gizani si mahali pa mgeni, na hata kwenye lami, watu wanaotembea kwa miguu ni wengi usiku na hawana taa. Ukifika mapema, wahi chemchemi za maji moto za Nyamyumba, karibu na mahali Sebeya inapoingia ziwani. Wenyeji huloweka miguu na wengine hukanda mgongo kwa malipo madogo. Ukiwa na njaa, agiza sambaza. Samaki hao waliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na mtu wa Kigoma atawatambua mara moja kuwa ni dagaa wa nyumbani kwao.

Kama una siku moja tu na hela ya shughuli moja tu, nenda Gishwati. Gorila wa Virunga wana wageni wa kutosha na vibali vyao hujaa miezi kabla. Msitu ule mdogo juu ya Sebeya bado unahitaji watu wa kuutembelea na kuulipia, na sisi wa Afrika Mashariki ndio tulio karibu. Piga simu RDB wiki mbili kabla, uliza kama barabara ya udongo inapitika, na uweke nafasi kwa jina lako.